Kitungule

Mwaka wa kwanza wa kumshikia mpima kamba
niliwahesabu kwa kuwa jua halijatoka
na namba za fito hazisomeki gizani.
Mwakirunge, saa kumi na moja na nusu,
umande umenilowesha hadi magotini,
Bwana Mwachiro yumo garini anatafuta miwani,
nami juu ya mfuko wa saruji natazama nyasi.
Kumi na wanne.
Nikaandika nyuma ya daftari la vipimo,
penseli butu, bila kutumwa na mtu.

Mamangu hakuwaita sungura.
Sungura, alisema, ni yule wa vitabuni,
mwenye suruali na maneno mengi.
Huyu wetu ni kitungule:
mrefu wa masikio, mfupi wa kauli,
hachimbi shimo, hajengi, hakopi.
Akilala hulaza majani tu,
kama kiganja kilichobonyezwa kwenye unga;
akiamka majani husimama,
na hujui umdai nani kodi.

Bikoni ya kwanza niliipigilia mimi.
Nalisema mapema
nisije nikajificha nyuma ya neno "walikuja".
Futi hamsini kwa mia,
hamsini kwa mia,
hamsini kwa mia,
hadi kichaka kikawa karatasi ya hesabu ya darasa la tatu,
kila kisanduku na jina la mtu aliyeko Doha.

Mwaka wa pili, tisa.

Mwaka wa tatu walinzi walikuja na mbwa,
na vijana wa jaani wakaanza kuchoma magurudumu
wapate waya wa ndani.
Waya mzuri, mwembamba, wa kuuza kwa kilo.
Unaobaki, tanzi.
Nilimkuta mmoja amenaswa mguu wa nyuma,
ametulia, macho wazi,
kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.
Mwenye tanzi alikuwa Chengo, miaka kumi na miwili,
mbavu zake ningeweza kuzihesabu pia.
Nilitaka kumkemea.
Nikampa shilingi hamsini, akanikatia paja.
Nilikula. Lilikuwa tamu.

Kisha lami.
Lami ikaleta taa, taa zikafuta usiku
kama mtu anavyofuta ubao kabla hujamaliza kunakili.
Kitungule akimulikwa hakimbii,
husimama
akidhani ni jua limekosea njia.
Asubuhi tulikuta manyoya yamegandana na lami,
na Bwana Mwachiro, ambaye hasemi mambo ya namna hii,
alisema: "Hata hakupata nafasi ya kuwa mjanja."

Mwaka wa tano, watatu.
Mwaka wa sita, mavi tu, makavu, mviringo kama mbegu za mpapai.
Mwaka wa saba sikuandika namba.
Niliona kitu kikiruka nyuma ya lundo la kokoto,
labda yeye, labda paka.
Nikaweka alama ya kuuliza, nikafunga daftari.

Juzi binti yangu Mishi aliambiwa shuleni
achore mnyama wa porini wa kwao.
Akachora sungura mweupe, macho ya waridi,
kama wale wa vizimba pale Kongowea,
anatafuna karoti, ambayo huku kwetu haioti.
Nikamwambia, si hivyo, mwanangu.
Rangi yake ni ya majani ya kiangazi,
ncha za masikio nyeusi, kana kwamba alizichovya kwenye wino.
"Wewe ulimwona wapi, baba?"

Kiwanja hiki nilikatiwa
badala ya mishahara ya miezi saba.
Nikamwonyesha sebule.
Pale, chini ya meza ya televisheni.
Na mmoja hapo ulipokaa.

Alinyanyua miguu, akaiweka juu ya kiti,
akachora upya, polepole,
kisha akaniomba jina, nikampa la bibi yake.
Aliliandika kwa herufi kubwa.

Leo daftari limerudi.
Rangi, vema. Masikio, vema.
Pembeni mwa jina, kwa wino mwekundu,
alama ya kuuliza.